Kabati la Sumu na Koti la Homgadi

Kabati lenyewe halikuwa kitu cha kujivunia. Lilikuwa kabati la jikoni, la mbao, lililopakwa rangi nyeupe, na daktari wetu, mzungu, alilitundika ukutani kwa mikono yake mwenyewe, likakaa kombo, katika chumba cha kupokelea wagonjwa wa haraka, tulichokiita kazuali. Mlangoni aliandika SUMU kwa rangi nyekundu. Mfagiaji wetu akakataa kupita chini yake. Ilibidi nimweleze kwamba mle ndani mna dawa za kuitibu sumu, sumu yenyewe haimo. Akaniuliza, basi kwa nini hakuandika DAWA? Nilikasirika, nikamwambia akafagie.

Hapo ni Meru, miaka ya Imajensi, serikali ya wakoloni ilipopigana na Mau Mau. Nilikuwa muuguzi kijana katika hospitali ya serikali, binti wa mchinjaji wa Majengo, mtaa wa Waislamu. Babu mzaa baba alikuja na misafara ya watu wa pembe za ndovu kutoka mbali huko, akachoka hapa, akaoa hapa. Mama ni Mmeru aliyesilimu. Nyumbani tulisema Kiswahili, kwa bibi tukasema Kimeru, na hicho ndicho kilichonipa kazi kabla ya cheti. Mgonjwa akisema, mimi namwambia daktari. Daktari akisema, mimi namwambia mgonjwa, na ukali wa maneno naupunguza njiani pande zote mbili.

Kazi ya kazuali wakati ule ilikuwa risasi na panga. Walikuja askari. Walikuja mahomgadi, yaani wale walinzi wa vijiji waliopewa makoti na mikuki na serikali. Walikuja watu waliotoka kuhojiwa wakiwa wamevunjika mbavu, na sisi tukaambiwa tuandike kwamba walianguka. Tukaandika walianguka. Kwa hiyo daktari alipotukusanya akasema tujiandae kwa sumu, tulitazamana. Sumu gani tena? Watu walikuwa wanakufa kwa vyuma.

Lakini yeye alikuwa ametoka Embu. Huko, upande wa Runyenjes, alipewa habari ya mkulima aliyekutwa amekufa katikati ya mikahawa yake, mdomo umejaa povu, bomba la kunyunyizia dawa bado liko mgongoni. Watu wakasema karogwa. Daktari akauliza ni dawa gani ilikuwa ndani ya bomba. Aliporudi Meru alikwenda moja kwa moja kwenye kiwanda cha kahawa, akakuta mapipa ya dawa ile ile yanashushwa kwenye lori. Ilikuwa dawa mpya, kali kuliko zote tulizozijua. Mdudu alikuwa anaanguka kabla mwenye bomba hajahamia mti wa pili. Tena, alituambia, si lazima uinywe. Inapita kwenye ngozi.

Dawa ya kuipinga inaitwa atropini. Tulikuwa nayo kidogo, ya matone ya macho na ya kumwandaa mtu wa kupasuliwa. Mtu aliyeingiwa na sumu ya kahawa anahitaji nyingi, sindano juu ya sindano, mpaka mdomo wake ukauke. Daktari akaagiza. Zikaja chupa ndogo ndogo za kuvunja shingo, zimepangwa kwenye maboksi, na kabla hazijatufikia zikazuiwa na inspekta wa polisi. Siku zile inspekta alikuwa na amri juu ya kila dawa inayoingia wilayani, kwa sababu ziko zilizokuwa zikipotea njia zikafika msituni kwa wapiganaji. Akauliza hospitali ndogo hivi inataka atropini yote hiyo ya nini. Daktari akamweleza. Inspekta akatupa nusu, nusu akaifungia stoo kwake, mpaka hapo itakapohitajika. Daktari alirudi masikio yamekuwa mekundu, akazipanga zile chupa kabatini.

Kisha akaanza kutufanyisha mazoezi. Mgonjwa wa mazoezi alikuwa dresa mkuu, mkubwa wetu sisi wauguzi, Mmeru mtu mzima, mzee wa kanisa, mwenye soksi ndefu nyeupe zisizojua vumbi. Alichaguliwa kwa sababu ndiye mzito kuliko sote. Daktari alisema tukiweza kumgeuza huyu tutaweza kumgeuza yeyote. Basi analala sakafuni, tunamkimbilia tumevaa glavu za mpira, tunajifanya tunakata nguo zake, tunajifanya tunamsugua, tunamfunua macho. Tulifundishwa tukariri: nguo kwanza, sabuni pili, macho tatu, sindano nne. Kiswahili cha daktari kilikuwa kile cha kuamrishia wapishi, na mwisho wa kila zoezi aliinua kidole akasema, "Na ile mtu nabeba mgonjwa, yeye pia gonjwa." Tulimwiga kwenye chumba cha chai mpaka tukatokwa na machozi.

Baba alipopata habari kwamba binti yake anamvua soksi mzee wa kanisa mchana kweupe, aliweka kisu chini. "Mwanangu, mnalea mtoto ambaye hajazaliwa," akasema. "Mimi ng'ombe nikimngoja, angalau nasikia kwato." Nilicheka naye, maana nilikuwa upande wake kabisa.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya soko, kabla ya adhuhuri. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji anatoa risasi kwenye paja la mtu. Mimi nilikuwa nachemsha sindano niliposikia kelele za watu zikipanda kutoka barabarani, halafu zikanyamaza zote pamoja mlangoni petu. Kelele zikinyamaza namna ile si kheri.

Aliingia homgadi mmoja wa kifua kipana, amembeba mtu mgongoni kama gunia la viazi. Koti lake la serikali, lile zito la sufi, lilikuwa limelowa toka mabegani hadi kiunoni. Alimlaza yule mtu juu ya meza yetu, akanyoosha mgongo, akasema kwa Kimeru, kwa sauti ya kusikika nje, "Huyu kimemla kiapo."

Nyuma yake aliingia mwanamke, mke wa yule aliyebebwa, akasimama karibu na ukuta. Hakulia. Wengine wote walibaki nje wakajaza dirisha.

Maelezo niliyapata kwa homgadi mwenyewe, maana hakuwa na haya ya kueleza. Kijijini kwao, juu ya Kaaga, asubuhi ile serikali ilileta wazee wa kuwatakasa watu na viapo vya msituni. Ndivyo ilivyokuwa miaka ile: mbuzi anachinjwa, mtu analambishwa, anasema mbele ya wote kwamba hajawasaidia watu wa msituni, au kama aliwasaidia anaungama, na akisema uongo, kiapo kimuue. Homgadi aliapa wa kwanza kuonyesha mfano, kwamba hajaidanganya serikali hata siku moja. Akafuata jirani yake huyu, mwenye mikahawa, ambaye homgadi alikuwa ameshamshitaki kwamba anapeleka chakula msituni. Jirani akaapa kwamba hajapeleka. Haukupita muda akaanza kutoa mate, akatapika, akaanguka, mwili ukamrukaruka, akajikojolea mbele ya wakwe zake. Umati ukarudi nyuma. Aliyekamatwa na kiapo hagusiki, ukimgusa kinakushika nawe. Mkuu wa tarafa, mzungu kijana aliyesimamia shughuli ile, akaamuru apelekwe hospitali, na hakuna aliyesogea ila homgadi.

"Mimi sina uongo tumboni," akaniambia, akijipiga kifua. "Kitanifanya nini?"

Nikamgeukia yule mama. "Alikula nini asubuhi?"

"Hajala. Tangu alfajiri alikuwa kwenye mikahawa na bomba. Bwana wa kilimo alisema mashamba ya upande wetu yote yanyunyiziwe wiki hii. Bomba linavuja. Wamemwita kwenye kiapo bomba likiwa bado mgongoni, hakupewa hata nafasi ya kunawa. Akifa leo, watasema aliapa uongo. Shamba litachukuliwa. Mimi na watoto tutakwenda wapi?"

Bomba linavuja. Nilimwinamia yule mtu. Shati lake lilinuka kitunguu saumu kilichooza. Nilimfunua jicho, na mboni ilikuwa imesinyaa, ndogo kuliko punje ya wimbi. Kifua kilikuwa kinakoroma maji. Kila kitu daktari alichotuambia kilikuwa pale mezani, na mimi niliyekuwa nikimcheka chumba cha chai nikajiona mjinga.

Niligeuka nimwambie dresa mkuu alete glavu. Dresa mkuu alikuwa amesimama dirishani, mikono nyuma.

"Binti," akasema taratibu, "hiki si cha hospitali."

"Mzee, amelowa dawa ya kahawa."

"Naona. Na nimesikia alivyoapa."

Huyu ndiye mtu aliyelala sakafuni akajifanya mgonjwa wa sumu hii hii mpaka soksi zikachafuka. Kabati lilikuwa tayari, sabuni tayari, sindano zimechemka. Kitu ambacho hatukukifanyia mazoezi ni hicho kilichokuwa kimemkamata yeye pale dirishani. Nilikasirika, nasema kweli. Si kwamba mimi nilikuwa jasiri kuliko yeye. Sisi wa Majengo nasi tuna vitu vyetu ambavyo hatuvigusi. Lakini mdomo wa mtu ulikuwa unamwagika mbele ya macho yangu.

"Basi mimi si wa kiapo chenu, nitamgusa mimi," nikamwambia. "Wewe nipe sabuni. Sabuni haijaapa."

Alifikiri, akanipa sabuni. Halafu akanisogezea ndoo ya maji kwa ncha ya kiatu, na hiyo nayo ilikuwa msaada.

Nilivaa glavu, nikasema Bismillahi, nikakata shati, nikakata suruali, nikavitupa kwenye pipa na kufunika. Nilimsugua mgongo, kwapa, nywele, nikarudia. Mfagiaji nilimtuma akabishe chumba cha upasuaji aseme ni sumu ya kahawa. Akarudi mbio na jibu la daktari kupitia mlangoni: "Anza! Nyinyi najua kazi!" Nikavunja shingo ya chupa ya kwanza nikampiga sindano. Hakuna kilichobadilika. Nikampiga nyingine. Mate yaliendelea kutiririka, nikaendelea kuvunja shingo za chupa, na mkewe akawa anatazama mikono yangu tu, hatazami uso wa mumewe.

Wakati wote huo homgadi alikuwa amekaa kwenye benchi, karibu na dirisha, anawahutubia watu wa nje: jinsi alivyomwona jirani yake akishika njia ya msituni na kikapu, jinsi alivyosema watu wakakataa kumwamini, na sasa kiko wapi? Jasho lilikuwa linamtoka ndani ya lile koti. Nilipata nafasi ya kuinua kichwa, nikaliona koti lilivyolowa, na nikasikia kitunguu saumu kutoka upande wake pia.

"Bwana," nikamwambia, "vua koti hilo. Pita nyuma ya jiko, kuna bomba la maji, ukajisugue mgongo kwa sabuni."

"Nivue koti la serikali mbele ya mtoto wa mchinjaji?"

Watu dirishani wakacheka.

"Mficha uchi hazai," nikamwambia.

"Nimeshazaa wa kunitosha," akajibu, na kicheko kikazidi. Nilimwekea kipande cha sabuni kando yake pale benchini. Akakisukuma kwa kiwiko, akaendelea na hotuba.

Daktari aliingia na aproni yake ya damu, hakuniuliza kitu, akaweka sikio kwenye kifua cha mgonjwa. "Ongeza," akasema. Tukaongeza. Rafu ya juu ya kabati ikaisha, tukaingia ya chini. Polepole ule mkoromo wa maji ukapungua, pumzi zikaanza kwenda zenyewe, nikaingiza kidole mdomoni mwake kikatoka kikavu. Sijawahi kufurahia mdomo mkavu namna ile. Nikamwambia yule mama, "Mumeo atapona, inshallah."

Dirishani wakaanza kunong'ona, na manong'ono ya Kimeru mimi huyasikia vizuri. Walikuwa wanasema mzungu amekiibia kiapo. Mtu alihukumiwa, na sindano zimemtorosha.

Yule mama alisikia pia. Akanisogelea kwa mara ya kwanza. "Mwanangu, mume wangu umemponya," akasema. "Sisi hujatuponya. Akirudi nyumbani mzima, watasema ni yule yule mwongo aliyefichwa na wazungu. Shamba litakwenda vile vile."

Daktari aliuliza anasema nini. Nikamweleza, na safari hiyo sikupunguza kitu. Alivua miwani akaifuta na pindo la shati. "Hiyo dawa hapana kwa kabati," akasema.

Tulikuwa bado tumesimama hivyo homgadi alipoanza kutema mate. Alitema mara moja, akafuta mdomo kwa mkono wa koti. Akatema tena. Hotuba ikawa inakatika katikati. Akapangusa macho, akapepesa, akauliza kwa hasira, "Nani amefunga dirisha? Mbona giza?" Dirisha lilikuwa wazi na jua liko utosini. Watu waliokuwa karibu naye wakasogea nyuma kidogo, na yeye alisikia miguu yao ikisogea.

Akajishika tumbo. Akatelezea sakafuni, mgongo kwenye benchi, mate yanamchuruzika kidevuni.

"Kiapo," akasema. Sauti ilikuwa nyembamba, si ile ya hotuba.

Nje, mtu mmoja akasema bila kupaza sauti, "Mkuki kwa nguruwe mtamu." Hakuna aliyecheka.

Mimi nilishachukua mkasi. Nikapiga magoti, nikamwambia, "Ni koti, bwana. Si kiapo. Dawa ya kahawa imekuingia mgongoni ulipombeba." Hakunisikia. Nikamwambia tena, kwa Kimeru cha bibi yangu, kisichoweza kukosewa.

"Mwongo wewe," akaniambia, meno yakigongana. "Unataka nife sijasema."

Sikumwambia mara ya tatu. Nilikuwa na koti la kukata, na sufi ya serikali ilikuwa ngumu.

Desturi ilikuwa kwamba kiapo kikikukamata unautema uongo wako mbele ya watu, na mtu mzima mmoja anayarudia maneno yako kwa sauti ili yasipotee; huenda kikakuachia. Homgadi akaanza kuangaza angaza na macho yake yasiyoona, akimtafuta mtu mzima. Dresa mkuu akatoka dirishani. Alikuja akasimama juu yetu na soksi zake nyeupe, mikono bado nyuma, akasema, "Sema. Niko hapa."

Akasema. Mimi nakata koti, dresa mkuu anarudia neno kwa neno kwa sauti ya kanisani, na dirisha lote linasikiliza. Hakumwona jirani yake njia ya msituni. Hakukuwa na kikapu. Alilisema hilo kwa ajili ya mikahawa iliyo mpakani mwao, toka kwenye mti wa mringaringa ulioanguka mpaka kwenye mfereji, kwa sababu jirani akipelekwa kambini, mikahawa ile angepewa mtu mwaminifu wa serikali, na mwaminifu aliye karibu ni nani kama si yeye? Alitaja mpaka mti kwa mti. Asubuhi ile aliapa hajadanganya. Alikuwa amedanganya. Akaomba aachiliwe.

Yule mama aliondoka ukutani akaja akasimama karibu na kichwa cha mumewe. Sasa ndiyo analia.

Nguo kwanza, sabuni pili. Dresa mkuu aliinama, akachukua kile kipande cha sabuni benchini, akapiga magoti sakafuni akamsugua mgongo homgadi bila glavu, mpaka nikampigia kelele akavaa. Nikaenda kabatini. Zilikuwa zimebaki chupa chache sana, na daktari alitufundisha kwamba sumu hii hata ikipoa hugeuka ikarudi kubisha hodi. Mgonjwa wetu wa kwanza angeweza kuzihitaji zile chupa jioni. Nikazishika mkononi nikamtazama daktari, na moyoni nilikuwa nasema, huyu? Hivyo ndivyo nilivyosema, sitajisingizia wema ambao sikuwa nao.

Daktari hata hakufikiri. "Ile mtu nabeba," akasema.

Nikavunja shingo ya chupa.

Dresa mkuu alitumwa kwa inspekta kuomba ile nusu iliyofungiwa. Nilidhani tutabishana mpaka kesho. Lakini yule mzee alikuwa na akili zake: alimwambia inspekta kwamba homgadi wa serikali anakufa. Stoo ikafunguliwa pale pale, na inspekta mwenyewe akayaleta maboksi kwa gari. Kwa mkulima wa kahawa sijui kama mlango ungefunguka upesi vile. Hata hivyo atropini haina ubaguzi, chupa tulizitumia kwa wote wawili, na zilizobaki tukalijaza kabati.

Wote wawili walipona. Tuliwalaza vitanda vya kukaribiana pale pale kazuali, kwa sababu nafasi ilikuwa hapo tu, na walilala wakitazama dari. Kesho yake mkuu wa tarafa alikuja, na homgadi, sauti imemrudia, akaanza kuyakana maneno yake. Alisema ilikuwa sumu, daktari mwenyewe amethibitisha kwamba ni sumu. Mtu mwenye sumu kichwani hajui anachosema. Mkuu wa tarafa akamwuliza daktari kama hilo linawezekana. Daktari hakuwa mtu wa kusema uongo hata kwa faida. Akasema ndiyo, sumu hii yaweza kumvuruga mtu akili.

Yule mama alikuwa mlangoni na chupa yake ya uji, amesimama hivyo hivyo.

Dresa mkuu akakohoa. "Bwana," akasema, "ni kweli ni dawa ya kahawa, na mimi jana nilikataa, nikakosea. Inatoa mate, inatia giza machoni. Lakini dawa ya kahawa haiujui mpaka wa shamba. Huyu alitaja mpaka, toka mringaringa hadi mfereji, mti kwa mti. Tuma mtu akahesabu."

Mkuu wa tarafa akatuma mtu. Miti ilikuwa kama ilivyotajwa, na kijijini, watu waliosikia dirishani walikuwa wameshalieneza neno lile, halikuweza tena kurudishwa. Mashitaka yakafa. Shamba likabaki na wenyewe. Homgadi hakufungwa, miaka ile haikuwa hivyo. Alinyang'anywa mkuki, basi. Siku nzima alikuwa akiniuliza koti lake liko wapi, akiogopa serikali itamdai. Nikamwambia nimelichoma moto nyuma ya jiko.

Jioni mwenye mikahawa aliweza kukaa. Mkewe akammiminia uji wa wimbi, ule uliolala ukachachuka, akanywa nusu, akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemwambia. "Nani alinileta hapa?"

Nikajibu mimi, kwa sababu yule mama nilimwona hatajibu. "Huyo jirani yako wa kitanda. Alikubeba mgongoni toka kijijini. Wengine walikataa kukugusa. Daktari anasema ungechelewa kidogo tu, tungekupokea maiti."

Aligeuza kichwa. Homgadi alikuwa amegeukia ukuta.

"Mpe uji," akamwambia mkewe.

"Simpi."

"Mama watoto. Mpe uji."

Alimimina. Uso wake aliupeleka upande mwingine, akanyoosha mkono wenye kikombe. Homgadi akageuka, akakipokea kwa mikono miwili, na hakunywa. Alikitazama kile kikombe, akamtazama mwanamke ambaye yeye mwenyewe alitaka kumwacha bila shamba, kisha akanitazama mimi. Nilijua anachoniuliza, na yule mama alijua pia, maana alikunja mikono kifuani.

"Kunywa, bwana," nikamwambia. "Kabati liko pale ukutani, na leo limejaa."

Akanywa. Alikunywa polepole mpaka mwisho, na yule mama akasimama pale pale akingoja kikombe chake.